Machozi ya Lenzi

Asubuhi ile Mize alikuwa anachambua mchele. Uso kauinamisha ndani ya ungo mpaka pua inataka kugusa punje, na kila akikutana na kitu cheupe anakiinua mpaka kwenye kope ndipo ajue ni mchele au ni kijiwe.

"Mize, unachambua au unanusa?" Shangazi Sikuzani alimwuliza huku anajitanda buibui lake.

"Nachambua, shangazi."

"Hata wa juzi ulisema umeuchambua, baba yako akala kwa kutafunia upande mmoja."

"Nipe miwani yangu basi."

"Miwani sikupi. Watu wa Pangani wamejaa mji mzima. Akichungulia mmoja mlangoni akakuona nayo, tutasema nini? Weka ungo, jitande. Gari la Mtoro halimngoji mtu."

Mize aliinuka, akapapasa ukuta mpaka akaugusa msumari unaotundikwa buibui. Nyumba ile kazaliwa ndani yake, na mama yake kafia ndani yake, lakini bila miwani ilikuwa kama nyumba ya watu. Tangu alipokuwa mtoto shuleni, daktari wa serikali alipompa miwani yake yenye vioo vizito kama vitako vya chupa, hakuwahi kukaa siku nyingi hivi bila hiyo. Watoto wa mtaa wao wa Dunda walimwita Mize Karabai, kama ile taa ya kioo. Alilia, akazoea, mwishowe akawa anaitika.

Mtu wa kwanza kumfanya aipende miwani ile alikuwa Mwishehe. Ilikuwa siku ya Maulidi, watu wamesongamana, miwani ikamdondoka. Mize akachuchumaa anaitafuta mchangani kwa vidole, mara akasikia sauti ya kiume juu yake.

"Hii yako?"

Akainua uso. Kijana yule alikuwa ameshaifuta kwa pindo la kanzu, tena kaivaa mwenyewe.

"Ala! Mbona dunia yote imepinda?"

Mize alicheka. Hajapata kucheka mbele ya mwanamume asiye ndugu yake, akajiziba mdomo kwa ukaya. Tangu siku ile Mwishehe, aliyekuwa karani wa reli Dar es Salaam, alikuwa haachi kuja Bagamoyo kila apatapo likizo, mpaka posa ikaletwa, ikapokewa, na harusi ikapangwa Ijumaa ijayo. Mama yake Mwishehe, Bi Mgeni, akashuka kutoka Pangani na wanawake wa ukoo wao, wakafikia kwa jamaa zao.

Halafu Mwishehe akaleta shauri la ajabu. Kuna Mhindi Dar es Salaam, alisema, anauza vioo vinavyovaliwa ndani ya jicho. Mtu havioni. Mize atakaa harusini kwake bila miwani na bado atawaona watu. Tayari walishakwenda mara moja kupimwa, kwa siri. Leo ilikuwa siku ya kwenda kuchagua na kuchukua.

"Bibi harusi anakwenda mjini kununua nini tena?" Mtoro, dereva wa basi, alimtania walipopanda. Mtoro alikuwa mtani wa ukoo wao, mdomo wake haukuwa na mlango.

"Viatu," Shangazi Sikuzani alimkata.

"Viatu? Bagamoyo nzima hakuna viatu? Au miguu ya bibi harusi ni ya sampuli ya peke yake?"

"Endesha gari, Mtoro. Ukiacha kusema utafika mapema."

Mize alikaa dirishani. Njia nzima mpaka Kerege, na kutoka Kerege mpaka mjini, minazi ilikuwa inampita kama moshi.

*

Duka la Bwana Ratilal, yule Mhindi wa vioo, lilikuwa Uhindini, chumba chembamba chenye vioo kila upande. Mwishehe alikuwa ameshafika. Alisimama ng'ambo ya njia akijifanya anasubiri mtu, na walipoingia wao, akangoja kidogo, ndipo naye akaingia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Unajificha kama umeiba kuku."

Alicheka kicheko kifupi. Mize hakumwona uso. Aliona weupe wa shati tu, na juu yake kivuli cha kahawia kilichokuwa kinageukageuka mlangoni.

Bwana Ratilal aliweka visanduku viwili mezani. Alikuwa mzee mtaratibu, kila neno analitoa kama analipima.

"Mama, sikia. Hii mbili, yote napimwa kwa jicho ya huyu binti. Moja nachukua, moja narudi Ulaya. Hii ya kioo, kubwa. Nafunika jicho yote. Jicho natulia upesi. Lakini mtu nakaa karibu, natazama, najua. Jicho natoka nje kidogo."

"Natoka nje?" Shangazi aliruka. "Kama chura?"

"Kidogo tu. Hii nyingine ya plastiki. Mpya. Ndogo. Nakaa juu ya mboni tu, mtu hapana ona. Lakini hii nauma. Leo navaa kidogo, navua. Kesho naongeza. Mwezi nzima, polepole, mpaka jicho nazoea. Haraka hapana."

Alitoa ile ndogo akaiweka juu ya kitambaa cheusi. Shangazi Sikuzani akainama, akaitazama kwa jicho hili, akaitazama kwa jicho lile.

"Hili si gamba la samaki hili? Bwana Ratilal, unatuuzia gamba? Haya, makubwa! Wenzetu wanakwenda hospitali kutolewa mtoto wa jicho, sisi tunafunga safari kuja kumnunua!"

Hata Bwana Ratilal alicheka. Mwishehe hakucheka.

"Achukue hiyo ndogo," alisema.

"Mwezi mzima, hukusikia?" Mize alisema pole pole. "Harusi Ijumaa. Nichukue ile kubwa, inatulia upesi."

"Kubwa mama ataiona."

"Aione. Atasema bibi harusi ana macho makubwa. Ni dhambi?"

Mwishehe akakisukuma mbele kisanduku cha ile ndogo. Bwana Ratilal akamketisha Mize kwenye kiti, akailowesha ile ndogo, akamwambia atazame chini, akamfunua ukope. Kitu kikamgusa jichoni kama mchanga wa pwani siku ya upepo. Alishika mkono wa kiti kwa nguvu. Ya pili ikaingia. Machozi yakamwagika mpaka kidevuni.

"Pepesa. Pepesa tena. Sasa fumbua."

Akafumbua.

Mwishehe alikuwa amesimama mbele yake. Mize hajapata kumwona hivi, bila fremu ya miwani pembeni, bila kioo katikati. Alikuwa na kovu dogo chini ya mdomo. Alikuwa na kope ndefu kama za mtoto. Naye alikuwa anamtazama kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana.

"Kumbe macho yako ndiyo haya," alisema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo haya. Yalikuwa humu humu siku zote."

Shangazi akajikohoza, akaenda kutazama miwani ya jua kwenye kabati, akiwapa mgongo. Kwa kitambo kidogo, licha ya maumivu, Mize alikuwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi. Halafu mtu akapita nje ya duka, na Mwishehe akageuka upesi kutazama mlangoni. Safari hii Mize aliuona uso wake vizuri. Ulikuwa uso wa mtu mwenye hofu.

"Unamwogopa nani?"

"Simwogopi mtu."

"Mwishehe. Mama yako alisema nini hasa juu ya miwani? Hujanieleza."

Alisugua kovu lake kwa kidole.

"Bibi yangu alikuwa kipofu. Mama ndiye aliyekuwa macho yake tangu utoto, anamshika mkono msalani, anamshika mkono jikoni, mpaka akamzika. Akaapa kwamba macho mabovu hayataingia tena nyumbani kwake. Sasa posa ilipotajwa, akaniuliza: nasikia Salumu baba yake ana binti anavaa miwani, natumai siye huyo."

"Wewe ukasemaje?"

"Nikasema siye. Nikasema mwenye miwani ni mdogo wako."

Mize aliinua uso. Machozi yalikuwa yanashuka tu, hata hakuyafuta.

"Mimi sina mdogo."

"Najua."

"Basi siku mama yako akimwuliza huyo mdogo wangu yuko wapi, tutamtoa wapi? Kwa Bwana Ratilal?"

"Mize, nilibanwa. Angekataa pale pale. Akishakuzoea, akishakupenda, tutamwambia pole pole, utavaa miwani yako."

"Mwambie leo."

"Leo siwezi."

"Kesho?"

"Nipe mpaka baada ya harusi. Nakuomba. Nami nakuapia, likitokea la kutokea nitasema mwenyewe, kwa mdomo wangu. Lakini ahidi, wewe usiseme, na shangazi asiseme. Akilisikia kwa mtu mwingine hatanisamehe."

Angekasirika. Alitaka kukasirika. Lakini alikuwa amemwona kwa mara ya kwanza, na mtu unayempenda ukimwona namna hiyo, hasira inateleza haipati pa kushika.

"Naahidi," alisema. Akamgeukia Bwana Ratilal. "Nipe hiyo ndogo."

Mzee akatikisa kichwa. "Binti, mwezi nzima."

"Nimesikia, bwana."

*

Ijumaa ilifika, na macho ya Mize yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha msibani. Kila siku alivaa, akavua, akavaa. Shangazi alimkanda kwa kitambaa cha maji baridi na kumpaka wanja kuuficha wekundu.

"Vaa miwani yako, mwanangu," alimwambia asubuhi hiyo. "Mambo ya kuapiana na wanaume mimi siyapendi."

"Leo tu, shangazi. Leo tu yanitoshe."

Wakamketisha juu ya kitanda, kafunikwa kanga ya harusi, wanawake wamejaa chini mikekani. Bi Mgeni akawekwa mahali pa heshima, karibu kabisa na kitanda. Mize alimwona kupitia upenyo wa ushungi. Alikuwa mwanamke mrefu, uso mkavu, mikono mizuri. Hakuonekana mtu mbaya. Alitabasamu, akasema, "Mashaallah, mkwe wangu ana macho ya paa." Mize akainama kwa haya, na kidogo tu moyo wake ukatulia.

Hapo ndipo akaingia mtu na chetezo.

Udi ulikuwa mzuri, wa kutoka Unguja, umemwagwa bila choyo juu ya makaa. Walikisogeza chetezo chini ya kitanda, wakainua pindo la kanga moshi uingie vizuri, bibi harusi anukie. Hakuna aliyefikiri. Shangazi mwenyewe alikuwa mlangoni anawapisha wanaume. Moshi ukapanda, ukajaa ndani ya ushungi, ukapenya baina ya lenzi na jicho, na Mize akahisi kama mtu kamchoma pilipili kwa sindano.

Wakati huo huo baba yake, Mzee Salumu, akasimama nyuma ya pazia na mashahidi wawili. Chumba kikanyamaza.

"Mize, binti yangu. Nimeletewa posa ya Mwishehe bin Bwanausi. Nimpe ruhusa Sheikh Mwinyijuma akuozeshe? Umeridhia?"

Kila mwanamke chumbani alijua, na Mize alijua tangu utoto wake, kwamba kimya cha mwari ndiyo idhini yake. Asiseme kitu. Akinyamaza tu, yamekwisha, yeye ni mke wa Mwishehe. Akitoa sauti, hata ya kusema *naungua*, watu watasema bibi harusi kapiga kelele kukataa. Akauma mdomo. Akanyamaza kwa nguvu zake zote, na machozi yakamtoka kama maji ya mtungi uliopasuka, yakachanganyika na wanja, yakachora mistari myeusi mashavuni.

"Analia," mwanamke mmoja alinong'ona.

"Wote hulia siku hii."

"Hivi? Tazama, anatetemeka."

"Mize," baba yake aliita tena, sauti imepungua. "Umeridhia, mwanangu?"

Kimya. Na machozi.

Bi Mgeni aliinua mkono kuwanyamazisha wenzake. Akasogea, akaupenyeza mkono chini ya ushungi, akaligusa chozi moja shavuni kwa Mize na ncha ya kidole. Wazee wa kwao walikuwa na kipimo chao: machozi ya furaha ni baridi, machozi ya huzuni ni moto. Akakaa na kidole chake kile hewani, anakitazama.

"Moto," alisema. "Machozi ya moto haya."

Minong'ono ikaenea mikekani kama upepo kwenye majani makavu. Bi Mgeni aliinama, na sauti yake ilipotoka haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya huruma, na hilo ndilo lililomuumiza Mize zaidi.

"Mwanangu, nani kakulazimisha? Una mtu wako mwingine? Usiogope. Mimi niliozwa na machozi kama haya, naijua ladha yake. Sitaki mwanamke aje kulia nyumbani kwangu." Akapaza sauti kuelekea kwenye pazia. "Mzee Salumu! Kimya hiki si cha kuridhia. Msimwoze mtoto kwa nguvu, mtapata dhambi na mimi mtanitia humo."

Shangazi Sikuzani alifika kitandani anahema. Aliona chetezo, akaelewa, akakipiga teke kando. Akamnong'oneza Mize sikioni: "Niseme?"

Mize akamshika mkono. Akatikisa kichwa. *Mwishehe atasema. Kaapa.*

"Basi nakwenda kumwita mwenyewe," alisema shangazi.

Dirisha la chumba lilitazama barazani, walipokaa wanaume. Shangazi akafungua ubao wa dirisha.

"Mwishehe! Mama yako anasema bibi harusi analia, hataki kuolewa. Mwanangu, wewe unajua kinachomliza. Sema!"

Mize alifunga macho yake yaliyokuwa yanawaka, akasikiliza kwa mwili mzima. Alisikia Sheikh Mwinyijuma anakohoa. Alisikia mtu anaweka kikombe cha kahawa chini. Alisikia Bi Mgeni anasogea nyuma ya shangazi, apate kumtazama mwanawe.

"Unajua nini, Mwishehe?" Bi Mgeni aliuliza.

Sauti ya Mwishehe ilichelewa. Ilipokuja, ilikuwa ya heshima kabisa, kama ya karani anayemjibu abiria.

"Mimi sijui kitu, mama. Kama binti wa watu hataki, siwezi kumlazimisha."

Shangazi Sikuzani aligeuka, kifua kimejaa, mdomo umeshafunguka.

"Shangazi," Mize alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aketishwe kitandani, na chumba kizima kililisikia. "Kama yeye hakusema, usiseme wewe."

Wanawake wa Pangani walivaa mabuibui yao. Pilau likabaki sufuriani. Mzee Salumu alikaa barazani peke yake mpaka adhuhuri ikapita, na kila aliyempa pole alimjibu, "Alhamdulillahi, hakuolewa kwa nguvu," maana hata yeye aliamini hivyo. Bwana Ratilal alikuwa amemfundisha Mize namna ya kuzitoa lenzi: vuta kona ya jicho, pepesa. Alivuta, akapepesa, zikamwangukia kiganjani moja moja, nyepesi, hazina uzito wowote.

*

Mtu akiumwa jino husema ling'olewe, lakini moyo hauna koleo lake. Mize alikaa, akachukia, akachoka kuchukia. Alianza kumtetea. Labda aliona haya mbele ya sheikh. Labda macho ya mama yake yalimfunga ulimi. Mwishowe asubuhi moja akavaa miwani yake, mbele ya kadamnasi, akatoka mpaka stendi.

"Karabai!" Mtoro alimwita kutoka kwenye usukani. Kisha akaona uso wake, akashuka, akaacha utani. "Nambie, dada."

"Unamjua Mwishehe wa reli, anakokaa?"

"Namjua."

"Mwambie hivi, neno kwa neno. Mwambie nilikuwa nimekubali. Mwambie aje na gari lako, tutakwenda wote Pangani, na mimi nitamwambia mama yake mwenyewe, miwani usoni. Yeye hana haja ya kusema lolote. Asimame tu karibu yangu."

Mtoro alilirudia, akalirudia tena, asikosee. Akaondoka.

Alasiri Mize alikuwa pale pale. Gari lilichelewa sana siku hiyo. Lilipoingia, limefunikwa vumbi, aliwatazama abiria wakishuka: mama na vikapu, wazee wawili wa Kerege waliopitiliza, mwanamke na mtoto mgongoni. Akangoja mpaka mlango ukabaki wazi, hatoki mtu.

"Ulimkuta?" alimwuliza Mtoro.

"Nilimkuta kazini. Nikamwambia neno kwa neno, kama ulivyonituma."

"Akasemaje?"

Mtoro alivua kofia, akaikung'uta vumbi pajani.

"Aliniuliza gari linaondoka saa ngapi. Nikamwambia. Basi nikadhani anakuja, nikamwekea kiti cha mbele. Saa ikafika, nikasema nimpe nafasi kidogo. Abiria wakaanza kunung'unika, nikawaambia kuna mtu anakuja. Wakanitukana, nikanyamaza. Nimengoja, dada, mpaka mwenye gari akatoka ofisini kuniuliza kama nimelala."

"Halafu?"

"Halafu nikaondoa gari."